Mjusi wa Tendaguru na ile sinema ya utotoni

SEHEMU YA 1: Mkanda wa jirani

Wiki hii siandiki habari za chanjo wala za kuharisha. Nimemaliza zamu nne za usiku wodi ya watoto, kichwa kimechoka, na kuna jambo limenikaa moyoni tangu Jumamosi. Nitaliandika kwa sehemu, moja kila jioni, mkiwa mmeshalaza watoto.

Jumamosi nilikuwa mapumzikoni. Mwanangu Nasri ana miaka tisa, na anapenda dinosaria kuliko anavyopenda wali. Anawajua kwa majina, nikikosea ananisahihisha. Nikamwambia, leo nitakuonyesha sinema niliyoipenda nikiwa na umri kama wako. Tukatandika mkeka, tukaweka bisi katikati, tukawasha Jurassic Park.

Wa rika langu mnaikumbuka. Mimi niliiona Lindi mjini, miaka ya tisini, nyumbani kwa jirani aliyekuwa na deki na jenereta. Watoto tulitoa shilingi zetu tukakaa chini, wakubwa wakakaa kwenye viti. Mkanda wenyewe ulishachoka, picha inachezacheza, mistari inapita katikati. Kiingereza hatukijui. Kaka mmoja alijifanya mkalimani, na Jumamosi hii ndiyo nimegundua kwamba nusu ya aliyotuambia aliyatunga mwenyewe. Alituambia yule mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo ni mganga. Kumbe ni tajiri tu!

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakuhitaji mkalimani.

La kwanza ni pale gari linaposimama. Yule mtaalamu anavua miwani, anamgeuza mwenzake kichwa kwa mkono, na sisi tunaona wanachokiona wao: mnyama mwenye shingo ndefu kuliko mnazi, anakula majani ya juu taratibu, hana habari na mtu. Chumba kizima kilinyamaza.

La pili ni yule mwenye pembe tatu aliyelala ubavu, mgonjwa, anapumua kwa shida. Mwanamke mmoja anamsogelea, anaangalia ulimi, anamulika macho, anauliza amekula nini. Halafu anavaa glavu na kutumbukiza mikono kwenye lundo la kinyesi chake kutafuta jibu. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anamwendea mgonjwa anayetisha, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumgusa. Siwezi kusema sinema ilinifanya nesi. Aliyenifanya nesi ni mama yangu, aliyelipa ada kwa kuuza samaki. Ila ile picha haikunitoka.

Basi, tulipofika kwa yule wa shingo ndefu, Nasri alinishika mkono. Akauliza, "Mama, hawa walikuwa wanaishi wapi?"

Nikajibu bila kufikiri: "Marekani."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekuja bila daftari. "Mama, mbona kitabu changu kimeandika Tendaguru? Tendaguru si Lindi, kwa bibi?"

Jamani, nilikosa la kusema. Mimi niliyezaliwa Lindi, nikasoma Lindi, namwambia mtoto kwamba maajabu yote yako Marekani. Kesho nawaambia nilichojifunza.

SEHEMU YA 2: Sinema yenyewe, na mbu

Kabla hatujafika Lindi, tumalizane kwanza na sinema, maana baadhi yenu mtawaonyesha watoto.

Jurassic Park ilitoka mwaka 1993. Aliyeiongoza ni Steven Spielberg, kutokana na riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 1990. Sehemu kubwa ya mandhari ile ya kijani ni kisiwa cha Kauai, Hawaii, na kimbunga kinachoitwa Iniki kiliwakuta wakiwa huko Septemba 1992. Sinema ina zaidi ya saa mbili, lakini ukijumlisha dakika zote dinosaria wanapoonekana, hazizidi robo saa hivi. Mimi nilipokuwa mdogo ningeapa kwamba walikuwepo muda wote. Ndivyo hofu ya mtoto inavyofanya kazi, akili yake inajaza pale ambapo jicho halijaona.

Ndiyo maana nawashauri: mtoto wa miaka minne au mitano asiiangalie. Aliyefikisha nane au tisa aangalie na wewe ukiwa pembeni, mchana. Na akiogopa, mweleze jinsi ilivyotengenezwa. Mwambie yule T. rex kwenye mvua alikuwa mashine kubwa ya chuma iliyofunikwa ngozi ya sponji, na ngozi ile ilikuwa inanyonya maji ya mvua mpaka mashine inatetemeka yenyewe, mafundi wakawa wanamkausha kwa mataulo kama mtoto aliyetoka kuoga. Mwambie ule mngurumo ulichanganywa na sauti ya mtoto wa tembo. Mwambie yale maji yanayotetemeka kwenye bilauri yalitetemeshwa na uzi wa gitaa. Nasri alipojua habari ya mataulo, alicheka, na usiku akalala vizuri.

Sasa, ya kweli na ya uongo. Wale wadogo wakali wanaofungua mlango wa jikoni, Velociraptor, kwa kweli walikuwa na kimo cha bata mzinga na walikuwa na manyoya. Yule anayetema sumu, hakuna ushahidi wowote kwamba alitema sumu. Na yule mwenye shingo ndefu kusimama kwa miguu ya nyuma, wataalamu wengi wana mashaka, maana miguu yake ya mbele ndiyo mirefu na uzito umekaa mbele.

Halafu mbu. Mnakumbuka? Wanasema mbu alimuuma dinosaria, akanaswa kwenye utomvu wa mti, utomvu ukawa jiwe la kaharabu, wanasayansi wakafyonza damu ile na kumfufua mnyama. Mimi na mbu tunafahamiana, nawaona watoto anaowaletea kila msimu wa mvua. Lakini hili haliwezekani. Mwaka 2012 wanasayansi walipima mifupa ya ndege wakubwa wa zamani wa New Zealand, wakaona kwamba nusu ya vinasaba hupotea kila baada ya miaka kama 521. Dinosaria wa mwisho wa aina ile walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Fanya hesabu mwenyewe. Hakuna kinachobaki cha kufyonza.

Kinachobaki ni mifupa, nayo si mifupa tena. Maji yenye madini yanapenya ndani yake kwa miaka na miaka, kila kitundu kinajaa, mfupa unakuwa jiwe. Shikeni hilo, "mfupa unakuwa jiwe," kwa sababu kesho kuna watu watabeba mawe hayo vichwani.

SEHEMU YA 3: Kilima cha Tendaguru

Tendaguru ni kilima katika mkoa wa Lindi, kilomita 60 hivi kutoka Lindi mjini kuelekea kaskazini magharibi. Ukipita hutasimama. Ni miti, majani marefu, na jua.

Miaka milioni 150 iliyopita pale palikuwa karibu na bahari, penye fukwe na maji ya kina kifupi. Wanyama walikuwa wanakuja kula na kunywa, wengine wanafia matopeni. Kati yao alikuwepo yule wa shingo ndefu. Alikuwepo pia mmoja mwenye miiba mgongoni mpaka mkiani, Kentrosaurus, ambaye Nasri anampenda kupita wote.

Sasa rukeni miaka yote hiyo mpaka mwaka 1905. Nchi iko chini ya Wajerumani. Watu wa kusini wanalazimishwa kulima pamba na kulipa kodi. Mwezi Julai vita vinaanza kwenye milima ya Matumbi, na vinasambaa. Ndiyo Maji Maji tuliyosoma shuleni, Kinjikitile na maji yake. Tulichosoma kwa haraka, mimi naona ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi: Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliua watu kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na wengine wanafika mpaka 300,000.

Mama zangu, nimeona utapiamlo wodini. Namjua mtoto ambaye nywele zimebadilika rangi, miguu imevimba, na hana hata nguvu ya kulia. Huyo ni mmoja, ana maziwa ya dawa, ana kitanda, ana mimi. Mimi hushindwa kufikiria wilaya nzima ya watoto hao.

Ni katika nchi hiyo, mwaka 1906, injinia mmoja wa kampuni ya Kijerumani ya kutafuta madini alipita karibu na Tendaguru akaona mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi. Jina lake Bernhard Sattler. Nasri aliruka nilipomsomea, maana yule mwanamke wa kwenye sinema, yule wa glavu, naye anaitwa Sattler. Jina moja, watu wawili tofauti kabisa.

Mwaka 1907 akaja mtaalamu kutoka Stuttgart, Eberhard Fraas, akaangalia, akachukua mifupa kadhaa, akarudi kwao na habari. Makumbusho ya Berlin wakachangisha pesa. Mwaka 1909 wakatuma wataalamu wao, Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi ikaanza, ikaenda mpaka 1913. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu vita viishe. Waliokwenda kuchimba walikuwa watu waliozika ndugu, waliopoteza mashamba, na ambao bado walidaiwa kodi na serikali iliyowachomea chakula. Kazi ya mfupa ilikuwa na ujira. Unafikiri wangekataa?

SEHEMU YA 4: Mizigo

Nimeangalia picha za wakati ule. Mashimo marefu, wanaume wamevaa shuka kiunoni na kofia, majembe mkononi. Pembeni Mjerumani amesimama amevaa kofia pana. Chini ya picha wameandika jina la Mjerumani.

Mwaka wa kwanza wafanyakazi hawakufika 200. Baadaye walifikia hata 500 kwa wakati mmoja. Wengi walikuja na familia zao, pakawa kama kijiji: nyumba za miti na nyasi, wanawake wanasaga, wanapika, watoto wanakimbia. Maji yalikuwa mbali, na waliokuwa wanayachota ni wanawake. Hakuna aliyehesabu ndoo zao, lakini wewe unayejua kuamka saa kumi usiku kuwahi bomba, unaweza kuzihesabu.

Kuchimba dinosaria si kama kuchimba muhogo. Mfupa uliogeuka jiwe unapasuka kama chungu. Inabidi utoe udongo kwa kisu na brashi, kidogo kidogo, halafu uufunge. Mifupa ilifungwa kwa plasta, ile ile tunayomfungia aliyevunjika mguu, au kwa udongo. Mingine ikazungushiwa mianzi mpaka ikawa kama ngoma. Ukikosea unabaki na kokoto. Waliokuwa wanafanya kazi hiyo ya kidaktari ni watu wa Lindi, na walijifunza mpaka wakawa mafundi.

Mkuu wao aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, na alikuwa fundi wa kutoa na kufunga mifupa. Wajerumani walibadilishana: Janensch na Hennig wakaondoka mwaka 1911, Hans Reck akaja mwaka 1912. Boheti alikuwepo.

Halafu kubeba. Hakukuwa na barabara ya gari. Punda na ng'ombe wa kukokota hawakuwezekana kwa sababu ya mbung'o. Kilichobaki ni binadamu. Mzigo mdogo kichwani kwa mtu mmoja, mzigo mkubwa unaning'inizwa kwenye mti na watu kadhaa wanaubeba mabegani. Safari ya siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, halafu kurudi, halafu tena. Walifanya hivyo maelfu ya mara. Mwisho wa yote zaidi ya tani 200 za mifupa zilifika Ujerumani.

Tani 200! Hebu fikiria mfuko wa saruji, kilo 50. Hiyo ni mifuko 4,000 vichwani mwa watu, siku kadhaa kila mmoja, juani, miaka michache baada ya njaa.

Huko Berlin walikaa miaka mingi wakiisafisha na kuipanga. Mwaka 1937 wakausimamisha mfupa wote, na walitumia mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja kukamilisha. Mwaka 2007 waliusimamisha upya, mkao ukarekebishwa. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Ni mifupa ya dinosaria mirefu kupita yote iliyosimamishwa katika makumbusho yoyote duniani. Nyumba ya ghorofa nne, mama zangu, na mifupa yake ilipita bandari yetu ya Lindi.

SEHEMU YA 5: Simu kwa mama

Jana niliposhuka zamu nilimpigia mama yangu Lindi. Shikamoo, marahaba, wajukuu hawajambo, mvua zimekuja, basi. Nikamuuliza, "Mama, wewe unajua habari za mjusi wa Tendaguru?" Kwetu ndivyo anavyoitwa, mjusi, ingawa Nasri anasema dinosaria si mjusi.

Mama akasema, "Ile mifupa? Mama Nasri, bibi yako si alikuwa anasema baba yake aliwabebea Wajerumani mifupa? Sisi tukadhani ni ya watu. Ya wale waliokufa vitani. Tukawa hatupendi aiseme."

Nikakaa chini pale pale kituo cha daladala.

Kwa sababu bibi yangu nilimuuguza mimi. Wiki zake tano za mwisho nilichukua likizo nikaenda. Nilimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Nilimuuliza, bibi umekunywa, bibi umekojoa, bibi inauma wapi. Usiku alikuwa hapati usingizi, anataka kuongea, anaanza, "Baba yangu mie..." Nami namwambia, pumzika bibi, usijichoshe. Niliona namtunza. Nilikuwa namnyamazisha, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua jina la mzee yule aliyebeba.

Mama yangu halijui jina hilo. Anajua "babu" tu.

Kazini kwangu hakuna mgonjwa anayeingia bila kuandikwa. Hata mtoto aliyefika saa tisa usiku na kufariki saa tisa na nusu, ana mstari wake kwenye rejista: jina, umri, anakotoka, aliyemleta. Tunaandika kwa sababu kila anayeingia ni mtu. Wapagazi wa Tendaguru walihesabiwa mizigo.

Na nisije nikawa nasema kama wageni hawakuteseka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza nao walikuja kuchimba, kuanzia 1924 mpaka 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikuwa na kijana msaidizi anayeitwa Louis Leakey, yule ambaye baadaye alisifika kwa Olduvai. Mwaka 1925 Cutler alikufa kwa malaria, hapo hapo Lindi. Mbu yule yule wa kwenye sinema, ila huyu hakufufua mtu. Kwa hiyo ndiyo, na yeye namhurumia. Lakini yeye jina lake tunalo.

Kesho namalizia.

SEHEMU YA 6: Ule uso

Mama zangu, nimewaambia mambo ya huzuni. Sasa niwape zawadi.

Yule wa shingo ndefu kwenye sinema wanamwita Brachiosaurus. Jina hilo alilitoa Mmarekani, Elmer Riggs, mwaka 1903, kwa mifupa iliyopatikana Colorado mwaka 1900. Kwa hiyo jibu langu la "Marekani" halikuwa la uongo mtupu. Lakini mifupa ile ya Colorado ilikuwa haina fuvu, na vipande vingi havikuwepo. Mwaka 1914 Janensch alitangaza mnyama wa Tendaguru akampa jina hilo hilo la ukoo, na wa Tendaguru alikuwa na mengi zaidi, pamoja na kichwa. Tangu hapo, msanii akitaka kuchora Brachiosaurus, akitaka kujua paji lile lililoinuka juu ya pua, akitaka kujua shingo inavyopanda, anaangalia mifupa ya Berlin. Yaani anaangalia mifupa ya Lindi.

Baadaye wataalamu waliona tofauti ni nyingi mno, huyu wa kwetu si jamaa wa karibu kiasi kile. Mwaka 2009 utafiti mmoja ulipanga tofauti hizo moja moja, na leo wengi wanamwita Giraffatitan, twiga aliye jitu. Lakini mwaka 1993 sinema ilipotoka, sura ambayo dunia iliijua kwa jina la Brachiosaurus ilikuwa sura ya mnyama wa Tendaguru.

Mmenielewa? Yule mnyama aliyetunyamazisha watoto wote sebuleni kwa jirani, Lindi mjini, sisi tunashangaa maajabu ya Wazungu, uso wake ulitoka safari ya siku chache kwa miguu kutoka pale tulipokaa. Pengine mmoja wa waliobeba alikuwa babu wa mmoja wetu. Pengine wangu. Na hakuna mtu chumbani aliyejua.

Jina kamili la kisayansi la mjusi wetu linaishia na *brancai*. Ni heshima kwa Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho, aliyekuwa Berlin. Lakini sikieni na hili. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alichunguza mifupa ya Tendaguru iliyokaa Berlin, akaona kuna dinosaria mwingine wa shingo ndefu ambaye hakuwa na jina. Akamwita *Australodocus bohetii*. Bohetii. Ni Boheti bin Amrani! Na mwaka 2019 wengine wakampa mmoja jina *Wamweracaudia keranjei*: Wamwera ni Wamwera wenyewe, watu wa pale, na Keranje ni Mohammadi Keranje, aliyeongoza kikundi kilichomchimbua mnyama yule. Ilichukua karibu miaka mia moja, lakini rejista imeanza kujazwa.

Kuna wanaotaka mjusi arudi nyumbani, na suala hilo limewahi kuulizwa bungeni kwetu. Wengine wanasema kumleta na kumtunza ni gharama kubwa, bora tupate sehemu ya faida na utaalamu. Mimi ni nesi, sitajifanya najua kuendesha makumbusho. Najua tu kwamba mtoto wa Lindi anayetaka kumwona mnyama wa Lindi anahitaji pasipoti, viza na nauli ya ndege, na hilo haliniingii akilini.

Kwa hiyo ninawaomba mambo mawili.

Moja, mkiwaonyesha watoto sinema hii, simamisheni pale kwa yule wa shingo ndefu. Waambieni: huyu tunamjua. Watajieni Tendaguru. Watajieni Boheti bin Amrani na Mohammadi Keranje, wayatamke majina kama wanavyotamka ya wachezaji mpira. Mtoto anayeweza kusema Tyrannosaurus hashindwi kusema Keranje.

Mbili, na hii ndiyo iliyonifanya niandike wiki nzima. Kama nyumbani kwako kuna mzee, na usiku hapati usingizi, na anaanza, "Baba yangu mie..." tafadhali usimwambie apumzike. Mpe maji, muweke mto vizuri, ukae. Washa simu urekodi. Dawa anaweza kunywa saa moja asubuhi. Jina la baba yake huenda hutalipata tena.

Jana usiku Nasri aliniletea mchoro. Mnyama wa shingo ndefu, kilima, na mstari mrefu wa watu wenye mizigo kichwani wanaelekea baharini. Juu ya kila mtu ameandika jina. Boheti, Mohammadi, halafu majina ya rafiki zake wa darasani, maana majina yalimwishia. Wa mwisho kabisa ameandika "Babu wa bibi."

Nikamwambia, hapo umekosea, ni baba yake bibi yangu mimi. Akachukua kifutio, akafuta, akanipa penseli.

"Basi andika wewe, mama. Jina lake nani?"

Usiku mwema, mama zangu. Kesho narudi zamu.